Kinyaa cha Tegwen Prydderch

Tegwen Prydderch alikuwa mtu wa kinyaa, na bonde zima la Cwm Helyg lilimjua hivyo. Wapo watu wanaozaliwa na sikio la nyimbo. Yeye alizaliwa na pua. Alipokuwa mpishi wa shule, kabla hajastaafu, watoto walipanga foleni wakamwonyesha mikono yao, viganja na migongo, ndipo awapakulie. Mkaguzi wa afya alipokuja jikoni kwake, ni yeye mkaguzi aliyefokewa, kwa sababu ya viatu. Kanisani, watu walipopeana mikono, Tegwen aliutoa wake kwa adabu, halafu akaurudisha mfukoni kwenye kitambaa chenye dawa na kuusugua polepole huku akiimba.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akamweka mahali ambapo hakuna kitu kinachokauka. Asubuhi jua linawaka, unatoa shuka kuanika; hujarudi mlangoni, mvua ya mawe. Unakimbilia kuzianua, jua linachomoza tena kama linakuzomea. Mchana manyunyu, alasiri upepo wa kung'oa malango, jioni ukungu unaoshuka mlimani na kulala juu ya bonde kama mbwa aliyeloa. Nyuma ya kabati la nguo ukuta ulikuwa umeota madoa meusi. Viatu vya kanisani, ukivisahau wiki mbili, unavikuta vimevaa manyoya ya kijani. Na konokono! Wale weusi wasio na nyumba, wanene kama kidole gumba, walipita chini ya mlango usiku, na asubuhi mkeka wa jikoni ulikuwa umechorwa ute wao kutoka ukutani hadi kwenye bakuli la paka. Siku moja Tegwen alimkanyaga mmoja kwa mguu mtupu. Siku hiyo hakula mpaka kesho yake.

Aliishi na kaka yake Ithel katika nyumba ya baba yao, Tyddyn Isa, chini kabisa ya mteremko. Alirudi pale mumewe alipofariki. Ithel hakuwahi kuoa. Alikuwa mkata manyoya ya kondoo maisha yake yote, na kinyaa hakukijua hata kwa jina. Alikuwa mtu wa kutoa kisu mfukoni, kukifuta kwenye suruali na kukata jibini.

"Ithel! Kisu hicho kimetoka wapi?"

"Kwenye kwato ya kondoo."

"Mama yangu! Na wewe unakula?"

"Kondoo mwenyewe alikuwa mzima," Ithel alijibu, akitafuna.

Pamoja na yote hayo, Tegwen alipenda bustani. Usimwulize kwa nini. Mvua aliichukia, matope aliyachukia, minyoo hakutaka hata kuisikia ikitajwa mezani, lakini kila asubuhi alivaa mabuti ya mpira, koti la mvua, glavu za plastiki, na juu ya hizo glavu nyingine za ngozi, akatoka. Huko alilima, akapalilia, akaokota konokono kwa koleo la mkaa na kuwatosa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akigeuza uso pembeni na kusonya kila mmoja alipoanguka. Watu waliopita barabarani wakiwa na mbwa wao walimsikia akisonya, wakajua Tegwen yuko kazini.

Kisha miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Bustani za watu ziliangamia. Viazi vikashikwa na ugonjwa wa baka, majani yakageuka meusi, ukivichimba vinakumiminikia mkononi kama uji uliochacha. Maharage yalioza kabla ya kuota. Lakini kwa Tegwen, kwenye tuta la juu lililopakana na ua wa miiba wa jirani, liki zilistawi hata zikatisha. Liki ni vile vitunguu virefu vyeupe ambavyo Mwelsi, mtu wa nchi ile, hawezi kupika supu bila kuvitia. Za Tegwen zilinenepa kama mkono wa Ithel, nyeupe kama mishumaa, majani yake yamesimama wima. Kwenye maonyesho ya mboga alichukua kombe mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili akalichukua tena.

"Siri yako ni nini, Tegwen?" akina mama walimwuliza.

"Usafi," Tegwen alisema. "Usafi tu. Nyinyi mnaingia bustanini kama mnaingia zizini."

Walikasirika, lakini wangesema nini na kombe liko pale.

Kila vuli, kanisa lilipofanya karamu ya shukrani ya mavuno, yeye ndiye aliyepika supu ya kondoo na liki, sufuria kubwa la kutosha kumwogeshea mtoto. Watu walikula wakaongeza. Mchungaji aliongeza. Nesta, mke wa jirani yake, alikula mabakuli mawili kisha akaomba chombo abebe nyingine nyumbani.

Jirani huyo ndiye Dilwyn Rowlands. Nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko, ng'ambo ya ule ua wa miiba. Alikuwa shemasi wa kanisa, mwenyekiti wa maonyesho ya mboga, na mtu wa sauti laini kama siagi iliyowekwa karibu na jiko. Banda lake la zamani la nyasi kavu alikuwa amelikarabati, akatia vitanda, jiko na bafu mbili, na sasa alilipangisha kwa wageni wa mjini waliokuja kutazama milima. Mara nyingi hawakuiona milima kwa ajili ya mawingu, lakini walikuja, wakaoga sana.

Asubuhi ya karamu ya mwaka wa tatu, Tegwen alitoka kwenda kuchimba liki. Wiki nzima ilikuwa imenyesha. Jua lilijitokeza kidogo, likajuta, likarudi ndani, na manyunyu yakaanza. Liki ya kwanza ilitoka vizuri, nzito, imenyooka. Ya pili ilipotoka, kwenye mizizi yake kuna kitu cheupe kinaning'inia. Akadhani ni mzizi. Akavuta. Kikarefuka. Akavuta tena, na udongo ukafunguka ukakitoa chote: kitambaa laini kile cha kumfutia mtoto makalio, kimejisokota na kitambaa kingine, na kingine tena, na katikati yake nywele. Plasta ya waridi ya kidole ilikuwa imenata pembeni. Kwenye ndevu za ile liki, katikati kabisa, kilichomekwa kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, na mizizi midogo ilikuwa imekikumbatia kana kwamba ni chakula.

Harufu ilimfikia baadaye. Na ilipomfikia, aliitambua. Alikuwa akiisikia miaka miwili. Kila ilipomjia alisema ni wakulima wanamwaga samadi mashambani, na alisonya, akaendelea na kazi, kwa sababu kombe lilikuwa kabatini na mtu mwenye kombe hachunguzi sana. Yeye aliyemfokea mkaguzi jikoni, hapa pua yake ilikaa kimya.

Tegwen akatapika juu ya kabichi.

Ithel alikuja akikokota mabuti yake, akatazama, akakigusa kile kitu kwa ncha ya fimbo.

"Vitambaa," akasema.

"Naona ni vitambaa, Ithel! Vimetoka wapi?"

Ithel akainua uso, akatazama mteremkoni. "Vitu kama hivi havipandi mlima," akasema.

Wakafuata ua. Ithel akainua miiba kwa fimbo yake hapa na pale mpaka wakaliona: bomba jeusi la plastiki, limefunikwa majani kwa uangalifu, mdomo wake umeelekezwa chini, kwenye tuta la Tegwen. Wakati huo wageni wa bandani walikuwa wakifungasha mizigo yao waondoke, na mmoja wao lazima aliingia chooni. Maji yalisikika yakikimbia huko juu. Kimya kidogo. Halafu bomba likakohoa, likakohoa tena, likatapika. Tegwen aliona kila kitu. Aliona rangi yake. Aliona mvuke ukipanda katika ile baridi.

"Ndiyo maana zilinenepa," Ithel alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima fulani.

Nusura Tegwen ampige na sepetu.

Alipanda mteremko vile vile alivyokuwa, na glavu zake na matope yake, mvua ikimpiga usoni. Alimkuta Dilwyn katika stoo yake, amefunga tai tayari kwa jioni, anafuta vitunguu vyake vya kupamba meza ya kanisani, kimoja kimoja, kwa kitambaa cheupe.

"Dada Tegwen! Leo mvua imetuhurumia kidogo, Bwana asifiwe."

"Dilwyn, lile bomba ni la nini?"

Hakuuliza bomba gani. Hilo ndilo Tegwen alilolikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba hakuuliza bomba gani.

"Aa, lile," Dilwyn alisema. "Lile ni la muda tu. Karo la choo likijaa, maji ya juu juu yapate pa kupitia. Hiyo ni mvua ikizidi, dada."

"Mvua hapa lini isizidi?"

Dilwyn akacheka kidogo, kicheko cha kanisani. "Ni maji tu. Udongo unayachuja. Na tukisema kweli, dada yangu, kombe liko kabatini kwa nani? Si kwako? Mimi ningekuwa wewe ningeshukuru."

Tegwen akamtazama mikono. Ilikuwa safi. Kucha zimekatwa, ngozi nyeupe, inanukia sabuni ya waridi. Na alipokuwa anaitazama ile mikono ikamjia karamu ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Dilwyn amekaa mwisho wa meza na mkate wake na jibini. Tumbo langu siku hizi halipatani na liki, anasema. Kisha anainuka, anachukua mabakuli kwa mikono hiyo hiyo, anawapelekea watu. Nani anaongeza? Tegwen, mwongeze mchungaji. Mwongeze Morfudd wa kinanda.

"Ulijua," Tegwen akasema. "Ulijua, na ukawa unagawa mabakuli."

"Ilikuwa imechemka, dada. Kitu kikichemka si kimesafika? Wewe ni mpishi, unajua."

"Nesta alikula! Mkeo alikula, Dilwyn, mabakuli mawili, akabeba mengine kwenye chombo!"

Dilwyn akakigeuza kitunguu alichoshika, akakitafuta doa, akalipata, akalifuta.

"Nesta ana mdomo," akasema. "Ningemwambia, angesema kwa watu."

Tegwen alitaka kumtemea mate. Mate hayakuja, mdomo ulikuwa umekauka. Akageuka akashuka, na njia nzima aliona kama amekunywa kitu kilicholala ndani ya chupa chafu. Nyumbani alijaza beseni maji ya moto, akajisugua mikono mpaka viwiko, akajisugua mpaka ngozi ikawa kama ya nguruwe mchanga. Akaosha ulimi kwa chumvi. Akamwambia Ithel azichimbe liki zote na azifukie kwenye shimo mbali, zote, asibakize hata moja.

"Zote? Hizi ni nzuri."

"Ithel!"

"Mimi ningekula."

"Najua ungekula! Ndiyo maana nakwambia fukia! Halafu uende mjini ukaninunulie liki dukani."

Ithel akaenda, akarudi na liki za dukani, zimefungwa kwenye plastiki, nyembamba kama penseli.

Katika ukumbi wa kanisa akina mama walikuwa wameshaanza. Morfudd, mpiga kinanda, mwanamke mnene mwenye kucheka upesi, alikuwa anamenya viazi. Nesta Rowlands alikuwa mezani anapaka siagi mikate ya zabibu, kipande baada ya kipande, kwa ule utulivu wake. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyesema sana. Mtu angejiuliza Dilwyn alipata wapi habari za mdomo wake.

"Ee, Tegwen!" Morfudd alipiga kelele. "Hizo liki mbona zimekonda? Zimeugua? Au ndiyo mwaka wako wa kushuka, shoga yangu?"

Wakacheka. Na hapo Tegwen angeweza kucheka nao, akakata liki, akapika, yakaisha. Aliliwaza hilo. Hakuna aliyekufa. Kweli, mwaka jana baada ya karamu nusu ya kwaya iliugua tumbo wiki nzima, wakasema ni hali ya hewa. Lakini aliitazama ile siagi, ule mkate, mikono ya wanawake inayofanya kazi, akaona kwamba akinyamaza atakuwa amefunga tai na kushika kitunguu kama yule bwana.

Akasema. Alisema yote, na vitambaa, na nywele, na kijiti cha pamba, na mvuke. Alipofika kwenye kukohoa kwa bomba, mmoja wa akina mama alikimbilia nje. Morfudd alishika kifua.

"Mimi nilikula mabakuli matatu," akasema. "Mungu wangu, matatu. Na mifupa nilifyonza."

"Nisameheni. Sikujua."

"Sasa umetuambia ili iweje?" Morfudd akapandisha sauti ghafla, uso umemwiva. "Ehe? Ilishapita! Tulishaisahau! Ungenyamaza, Tegwen, ungejifia na siri yako. Sasa mimi nitalalaje na hii?"

"Ungetaka usijue?"

"Ndiyo, ningetaka nisijue! Nani anataka kujua kitu kama hicho?"

Wengine wakaitikia. Mmoja alisema yeye siku zote aliona liki zile si za kawaida. Mwingine akamwambia acha uongo, wewe ndiye uliyeomba mbegu. Makelele yakapanda. Wakati wote huo Nesta hakuacha kupaka siagi. Alipomaliza sahani, akakifuta kisu, pande zote mbili, akakilaza mezani.

"Dilwyn alijua?" akauliza.

Wote wakamgeukia Tegwen.

"Alijua," Tegwen alisema.

"Mimi nilipokuwa nakula, alijua?"

Tegwen hakutaka kujibu, lakini aliona kwamba asipojibu ndiyo mbaya zaidi. "Alijua, Nesta. Nilimwuliza. Alisema kitu kikichemka kimesafika, na kwamba wewe una mdomo."

Nesta akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa ya basi. Akachukua sahani nyingine ya mikate.

Jioni watu walikuja, makoti yakitiririka maji. Mvua ilipiga mabati ya ukumbi hata wimbo wa kwanza haukusikika vizuri. Habari ilikuwa imeshafika mbele yao, kama inavyofika katika bonde. Walikaa wakitazama mabakuli yao kama watu waliotegewa mtihani. Supu ilikuwa ya liki za dukani, Tegwen aliwatangazia akiwa amesimama, na ganda la plastiki akawaonyesha. Hata hivyo vijiko vilikwenda taratibu.

Dilwyn hakuwepo wakati ule wa tangazo; alikuwa nje anapanga magari. Aliingia, akavua kofia, akasimama mbele akashukuru. Alishukuru kwa mvua na jua, kwa udongo mwema, kwa mikono inayolima. Aliomba kwa sauti ile ile ya siagi. Amina ya watu ilikuwa dhaifu. Dilwyn akaenda kukaa mahali pake, mwisho wa meza, akavuta mkate na jibini.

Nesta akatoka jikoni amebeba bakuli kwa mikono miwili. Akaliweka mbele yake. Mvuke ulimpanda usoni, na vipande vyeupe vya liki vilikuwa vinaelea juu.

"Kula, Dilwyn," akasema.

"Mama, unajua tumbo langu."

"Kula."

"Nesta, watu wanatazama."

"Watazame. Imechemka. Kitu kikichemka si kimesafika?"

Akampa kijiko mkononi. Dilwyn alitazama ndani ya lile bakuli. Liki zilikuwa za dukani, kila mtu mle ukumbini alijua isipokuwa yeye. Akainua kijiko, akakitumbukiza, kikapanda mpaka karibu na kidevu, na hapo kikasimama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mchungaji alikuwa amemkodolea macho. Kisha kijiko kikarudi bakulini polepole, na supu ikamwagika kidogo kwenye tai yake.

Hakuna aliyehitaji kuuliza kitu tena.

Usingedhani, lakini Dilwyn hakufukuzwa ushemasi. Watu wa bonde lile hawapendi mambo ya kusimama na kutangaza. Ila Jumapili ya meza ya Bwana, alipopita na sahani ya mkate, safu ya kwanza waliweka mikono mapajani. Safu ya pili vile vile. Mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri alinyoosha mkono, mkewe akamrudishia. Dilwyn akaifikisha sahani mpaka nyuma, imejaa kama ilivyotoka, na mwezi uliofuata mtu mwingine aliibeba bila neno lolote kusemwa.

Morfudd alikaa wiki nyingi hamsalimu Tegwen. Walikutana dukani, Morfudd akajifanya anasoma maandishi ya kopo. Hilo lilimwuma Tegwen kuliko alivyotegemea, na lilimchukiza pia, kwamba mtu anaweza kumkasirikia aliyeonyesha uchafu kuliko aliyeumwaga. Alimwambia Ithel.

"Wewe uliwatia picha kichwani," Ithel alisema. "Yeye aliwatia supu tu tumboni. Supu hutoka."

Tegwen hakuzungumza naye mpaka jioni.

Nesta naye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliwapigia simu wageni wote waliokuwa wameweka nafasi, akawaambia nyumba haipo tena. Kisha akabeba nguo zake, redio yake na birika, akahamia bandani. Akalala kitanda cha wageni, akatumia bafu mojawapo, ile nyingine akaifunga kwa ufunguo. Dilwyn alimfuata mlangoni kila siku katika mvua, na kila siku Tegwen kutoka bustanini alisikia sauti ile laini ikibembeleza, na mlango ukifungwa.

Asubuhi moja ya baridi, matone yakiwa nusu maji nusu theluji, Nesta alishuka mteremko akiwa na sepetu begani.

"Nimekuja kuchimba," akasema.

"Kuchimba nini?"

"Hilo tuta. Litoke lote. Ni mavi ya nyumbani kwangu."

"Si yako, Nesta, ni ya wageni."

"Basi ya wageni wangu."

Wakachimba. Siku kadhaa walichimba, udongo mweusi, mzito, unaonata kwenye sepetu kama unga uliokandwa, na kila mara kitambaa kimoja kikijitokeza Tegwen alikwenda pembeni kusimama akipumua kwa mdomo. Nesta alikiokota kwa mkono tu, akakitupa kwenye toroli.

"Wewe huna kinyaa?" Tegwen alimwuliza.

"Nimefua soksi na chupi za mwanamume yule tangu tumeoana," Nesta alisema. "Kinyaa nilikuwa nacho. Nilikikalia." Akajinyoosha mgongo, akatazama juu, kwenye nyumba yake. "Unajua kinachonichefua? Si ile supu. Usiku ule wa karamu ya mwaka jana nilipasha ile niliyobeba, nikala kitandani. Yeye amelala pembeni, ananitazama. Akaniuliza, tamu? Nikamwambia tamu."

Mvua ya mawe ikaanza, ikawapiga mabegani, wakaenda kujificha chini ya kibanda cha zana, wawili wamebanana kati ya reki na mifuko ya mbolea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Tegwen alimshika mtu mkono uliojaa matope wala hakujifuta.

Majira ya kuchipua, Dilwyn alileta mafundi wakamchimbia karo jipya, kubwa, huko ng'ambo ya nyumba yake mwenyewe. Hakuwa na njia. Bila karo Nesta alisema hatarudi hata kula. Karo likaisha, na bado hakurudi. Alisema bandani pana mwanga mzuri.

Morfudd alikuja kiangazi, akiwa na chupa ya jamu mkononi, akasimama langoni akilalamikia hali ya hewa kwa muda mrefu. Hakusema lingine. Tegwen alimfungulia lango. Jamu ile hakuila, aliiweka kabatini, lakini alimfungulia.

Liki hakuzipanda tena, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alijenga matuta mapya upande wa barabara, kwa udongo ulionunuliwa na kuletwa kwa lori, akapanda njegere, karoti na viazi kidogo. Mwaka ule nao ulinyesha. Karoti ziligawanyika miguu kama vibwengo. Viazi vilikuwa kama gololi. Konokono waliuvuka mstari wa majivu aliowawekea, wakauvuka mstari wa maganda ya mayai, wakala nusu ya kila kitu, na Tegwen akaenda nyuma yao na koleo lake la mkaa na ndoo yake, akisonya. Vile vilivyopatikana alivimenya, akaviosha mara tatu, akavichemsha, akavinusa, kisha akampa Ithel.

"Vipi?"

"Viazi," Ithel alisema.

Mwezi wa nane, katikati ya manyunyu, alikuwa akifunga mimea ya njegere iliyoangushwa na upepo. Alikuwa na hasira, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, na uzi ulikuwa unamteleza. Akavua glavu, zote mbili, ili apate kufunga vizuri. Akafunga. Ganda moja la njegere lilikuwa pale usoni pake, limenenepa, linadondosha maji. Akalipasua kwa kidole gumba, akamimina njegere mdomoni bila kuosha, bila kunusa, akili iko kwenye uzi. Zilikuwa tamu. Alitafuna akashangaa jinsi zilivyo tamu. Akapasua ganda la pili, akatia mdomoni, na humo kulikuwa na mdudu.

"Ptuu! Mama yangu! Ptuu!"

Akatema, akafuta ulimi kwa ukosi wa koti, akaitukana mvua, akalitukana bonde na kila kilichomo. Upande wa juu mlango wa banda ukafunguka, Nesta akatoa kichwa.

"Nini tena?"

"Mdudu! Nimekula mdudu!"

"Mzima au nusu?"

Tegwen akatazama ndani ya ganda.

"Nusu," akasema kwa uchungu, na Nesta, kule juu mlangoni, akaanza kucheka.